Kwa Nini Mbu Anataka Damu Yetu?



Tulipofika aya ya 26 ya Suratul Baqara, ambamo mbu ametajwa, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadhi, mbu damu anaitakia nini?" Swali zuri. Tulijibu pamoja.

Kwanza tufahamu kwamba anayeuma ni jike tu. Dume hunywa maji matamu ya maua. Jike naye huyanywa, lakini kutunga mayai kunahitaji protini, nayo huipata katika damu.

Tumboni mwa jike mna ovari mbili zenye vifuko vidogo viitwavyo folikili, kila kimoja na yai lake changa. Vifuko hivi hukua kidogo kisha husimama, vikingoja damu. Mbu akishiba, homoni hutoka kichwani, na tishu ya mafuta mwilini hutengeneza protini ya kiini na kuipeleka kwenye mayai. Katika joto la kwetu, siku 2 au 3 zatosha mayai kukomaa.

Je, damu ikiwa kidogo? Hapo baadhi ya folikili huacha kukua na kuvunjika, na vilivyomo hufyonzwa tena na mwili. Mbu hutaga mayai machache yaliyotimia, kuliko mengi yaliyopunjwa.

Folikili ikimaliza kazi huacha kifundo. Mwaka 1949 mtaalamu wa Kisovieti, Polovodova, alieleza jinsi ya kuhesabu vifundo kwa hadubini ili kujua mbu ametaga mara ngapi. Gillies na Wilkes walichunguza hivyo umri wa mbu wa malaria kaskazini mashariki mwa Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Wataalamu wa baadaye walionyesha kuwa folikili iliyovunjika bila kuzaa nayo huweza kuacha kifundo. Basi hesabu hiyo yataka uangalifu.

Umri una faida gani? Vimelea vya malaria huchukua kiasi cha siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo mbu wa hatari ni yule aliyeishi, akauma na kutaga zaidi ya mara moja.

Ndugu zangu, mlo mmoja wa damu huweza kuleta makumi ya mayai, hata kupita 100. Anayelala ndani ya chandarua chenye dawa amejikinga, na amemnyima mbu uzazi. Tufukie madimbwi, na mapipa ya maji ya udhu tuyafunike.