KUCHANGIA FIGO: JAMBO LA KUZUNGUMZWA KABLA YA UGONJWA



Mkaguzi aingiapo katika ofisi ya chama hutazama daftari la hisa, daftari la mikopo na kitabu cha fedha taslimu. Humo husoma hali ya chama, na mara nyingi husoma pia hali ya nyumba za wanachama. Miaka michache iliyopita nilikuta katika chama kimoja mkopo uliopitisha muda wake wa kulipwa. Mdaiwa alikuwa mpima mizani wa chama hicho, mtu ambaye hesabu zake hazijapata kupungua hata kilo moja. Niliandika katika kitabu cha ukaguzi kwamba deni lifuatiliwe, wala sikuuliza sababu. Baadaye Katibu alinieleza kuwa figo za mtu yule zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi, na kwamba ng'ombe wake wote walikwisha kuuzwa ili asafishwe damu mjini.

Alikuwa na ndugu watano wa tumbo moja. Mgonjwa aliona haya kuwaomba figo, nao ndugu waliogopa kuombwa. Dada yake mdogo alipojitokeza hatimaye, vipimo vilikuwa vingali vinaendelea mgonjwa alipofariki. Msibani, rambirambi za chama na za majirani zilikusanywa kwa siku moja tu. Sisemi kwamba figo ya dada yake ingemponya kwa hakika. Hilo hajui ila Mungu. Nasema kwamba sisi wana ushirika ni wepesi wa kuchangia maziko, na wazito wa kuzungumza juu ya mchango uwezao kuyaahirisha maziko hayo. Makala haya yanakusudia kueleza mchango huo ni nini, una hatari gani, na chama cha msingi kinaweza kufanya nini.

KAZI YA FIGO

Mwanadamu huzaliwa na figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi ya mtu, zikiwa mgongoni chini ya mbavu. Kazi yake ni kuichuja damu. Kwa siku moja huchuja maji yapatayo lita 180, hurudisha mwilini karibu yote, na taka hutoka pamoja na mkojo. Figo moja yenye afya yatosha kufanya kazi hiyo, na wapo watu waliozaliwa na figo moja wakaishi hadi uzee bila kujua.

Maradhi yanayoharibu figo kwa wingi ni shinikizo la damu na kisukari. Yote mawili hufanya kazi polepole na kimyakimya. Mtu hulima, huvuna na kupeleka mazao ghalani, huku figo zake zikipungua nguvu mwaka hata mwaka. Anapoanza kuvimba miguu na uso, mara nyingi sehemu kubwa imekwisha haribika.

Figo zikishindwa kabisa, njia za kumwokoa mgonjwa ni mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, kila mara muda wa saa nne hivi. Hizo ni safari 156 kwa mwaka. Mkulima akaaye mbali na mji hana budi kuhama shamba lake. Njia ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Aliyepandikizwa hufungwa na dawa za kila siku na kuonana na daktari maisha yake yote, lakini huweza kurudi nyumbani na kufanya kazi.

JAMBO HILI LILIVYOANZA

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu ulifanyika tarehe 23 Desemba 1954 mjini Boston, Marekani. Ronald Herrick alimpa figo moja pacha wake Richard, na daktari mpasuaji alikuwa Joseph Murray, ambaye mwaka 1990 alipewa Nishani ya Nobel. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, aliyetoa figo, alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79. Aliishi na figo moja kwa miaka 56.

Mapacha wale walikuwa wa kufanana kabisa, na ndiyo sababu mwili wa mgonjwa haukuikataa figo ile. Kwa watu wengine mwili huitambua figo ngeni kuwa adui na kuishambulia. Dawa za kuzuia shambulio hilo zilianza kutumika miaka ya 1960, na zikawa bora zaidi miaka ya 1980 ilipopatikana siklosporini. Ndipo ikawezekana kaka kumpa dada, mzazi kumpa mwana, hata mke kumpa mume.

Hapa Tanzania, upandikizaji wa kwanza wa figo ulifanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Novemba 2017, kwa msaada wa wataalamu kutoka India. Mwezi Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma nayo ilianza, ikishirikiana na wataalamu wa Japani. Kabla ya hapo mgonjwa alilazimika kusafirishwa ng'ambo pamoja na ndugu yake. Kazi hiyo ilijengwa juu ya figo zinazotolewa na ndugu walio hai. Kwa hiyo hospitali ikiwa na madaktari na vifaa vyote, bado haiwezi kitu pasipo ndugu aliyekubali.

YAMPATAYO MTOAJI

Mtu anayetaka kutoa figo hupimwa kundi la damu, ulinganifu wa mwili wake na wa mgonjwa, shinikizo la damu, sukari, moyo, na figo zenyewe. Mwenye kisukari, kwa mfano, kwa kawaida hakubaliwi, maana daktari hana ruhusa ya kumponya mmoja kwa kumwangamiza mwingine. Mtoaji pia huhojiwa peke yake, ili ijulikane kwamba hakushurutishwa na ukoo. Anaweza kughairi hata siku ya upasuaji, na hana deni kwa mtu.

Haifai kuficha hatari zilizopo. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba katika kila watoaji 10,000, watatu hivi walifariki kutokana na upasuaji. Aidha, mtoaji ana uwezekano ulioongezeka kidogo wa kuugua figo baadaye kuliko mtu mwenye afya kama yake ambaye hakutoa. Kwa sababu hiyo yampasa kupimwa kila mwaka. Wengi hutoka hospitali baada ya siku chache, ila kwa majuma sita hivi hawaruhusiwi kuinua vitu vizito.

Zipo hofu nyingine zisizo na msingi. Husemwa kwamba mwanamume akitoa figo hupoteza nguvu za uzazi. Si kweli, figo si kiungo cha uzazi. Wanawake waliotoa figo nao huzaa, isipokuwa hushauriwa kusubiri kwanza, na mimba zao hufuatiliwa kwa makini zaidi.

Wengine huuliza habari za dini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kutoa kiungo kwa masharti, miongoni mwake kwamba mtoaji asidhurike katika uhai wake, na kwamba kiungo kisiuzwe. Papa Yohane Paulo wa Pili, akihutubia mkutano wa wataalamu mjini Roma mwaka 2000, alikusifu kutoa viungo kuwa tendo la upendo. Mwenye shaka na amwendee sheikh au padri wake, asiishie kwenye maneno ya kilabuni.

VIUNGO VYA MAREHEMU

Katika nchi nyingi viungo hutolewa pia na watu waliokufa. Afrika inao mfano wake mashuhuri. Mwezi Desemba 1967, mjini Cape Town, msichana Denise Darvall aligongwa na gari pamoja na mama yake. Mama alifariki, na madaktari wakaona kwamba ubongo wa binti umeharibika pasipo matumaini. Baba yake, akiwa amepoteza watu wawili kwa ajali moja, aliombwa ridhaa, naye akakubali. Moyo wa Denise aliupandikiza Daktari Christiaan Barnard kwa Louis Washkansky, ukawa upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu ulimwenguni. Washkansky aliishi siku 18. Figo moja ya Denise alipewa mtoto wa miaka 10.

Mfano huo unatufundisha kwamba swali hili huwafikia jamaa katika saa mbaya kuliko zote. Hispania, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mbele kwa viungo vya marehemu, ilipitisha sheria yake mwaka 1979, lakini idadi iliongezeka sana baada ya mwaka 1989, walipowekwa hospitalini watu waliofunzwa kuzungumza na jamaa za marehemu. Sheria peke yake haikutosha. Jamaa wakijua mapema marehemu alitaka nini, huamua kwa amani, wasipojua, hukataa.

KUSAIDIA SI KUNUNUA

Figo haiuzwi. Mwaka 1970 au leo, maskini aliye tayari kuuza figo yake hufanya hivyo kwa dhiki, na dalali ndiye achukuaye faida. Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 uliidhinisha miongozo inayokataza biashara hiyo. Lakini miongozo hiyohiyo huruhusu mtoaji kurudishiwa gharama halali alizotumia na kipato alichopoteza. Hapa ndipo ilipo nafasi ya ushirika. Ndugu wa mpima mizani hawakuogopa kisu tu. Kila mmoja alijiuliza nani atapalilia shamba lake, na nani atalisha watoto wake majuma yale sita.

MAMBO YA KUFANYA

Mwaka 1995 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, ulipokutana Manchester, uliongeza kanuni ya saba, yaani kuijali jamii. Kwa kuifuata kanuni hiyo, yafaa kila chama cha msingi kifanye haya:

Kwanza, Halmashauri imwalike daktari au mganga wa kituo cha afya kuzungumza na wanachama siku ya Mkutano Mkuu, na siku hiyohiyo wanachama wapimwe shinikizo la damu na sukari. Figo iliyolindwa mapema haihitaji kubadilishwa.

Pili, chama kiandae siku ya kuchangia damu. Mwanamume mwenye afya huweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Aliyezoea kutoa damu husikiliza habari za figo bila hofu kubwa.

Tatu, Mkutano Mkuu uamue mapema jinsi ya kumsaidia mwanachama atakayetoa figo: nauli, malazi karibu na hospitali, na zamu za majirani kulima na kuvuna shamba lake. Uamuzi huo uandikwe katika muhtasari, ili usitegemee huruma ya siku moja.

Nne, kila mwanachama azungumze nyumbani kwake, angali mzima. Amwambie mkewe au mumewe, watoto na ndugu zake, kama angekuwa tayari kutoa, na kama angependa kupokea. Atakayesema hataki asilaumiwe, maana zawadi ya kulazimishwa si zawadi.

Tangu siku ile, nikikuta deni lililochelewa, huuliza kwanza habari za mdaiwa nyumbani, kisha ndipo huandika. Nawaomba nanyi, mtakapoandaa ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, msiache nafasi ya jambo hili kuwa katika "mengineyo", ambapo watu wamekwisha choka na wanatazama mlango. Liwekeni mapema, wazee na vijana wangali wameketi, nalo lipewe muda wake.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika