Kichwa Kilichonyimwa Kifo: Utamu wa Filamu ya Kutisha ya Bajeti Finyu

Filamu za kutisha zilizotengenezwa kwa fedha kidogo aghalabu hupuuzwa na wahakiki, zikichukuliwa kuwa vichekesho vilivyoshindwa kutisha. Hata hivyo, baadhi yazo zimedumu kuliko nyingi zilizogharimu mamilioni. Mfano mzuri ni The Brain That Wouldn't Die, iliyoelekezwa na Joseph Green wa Marekani, ikapigwa mwaka wa 1959 na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 1962. Makala haya yanaeleza namna mtazamaji anavyoweza kuifurahia bila kuishia katika kuikejeli tu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Daktari Bill Cortner anamfufua mgonjwa aliyekwisha kukata roho. Babake, ambaye pia ni daktari mpasuaji, anamwonya dhidi ya kuwafanyia binadamu majaribio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila hapa anayetangulia kuumia ni mchumba wake, Jan Compton. Bill anaendesha gari kwa kasi, ajali inatokea, na Jan anakatika kichwa. Badala ya kuzika na kuomboleza, Bill anakifunga kichwa hicho katika koti, anakimbia nacho hadi maabara yake na kukihuisha kwenye sinia. Kisha anaingia mjini kutafuta mwanamke mwenye umbo la kuvutia ili amwibie kiwiliwili.

Utamu wa kwanza unatokana na ufukara wenyewe. Virginia Leith, aliyeigiza Jan, anaonekana kichwa tu juu ya meza. Hana mikono wala mwendo. Macho na sauti ndivyo vinavyobeba uigizaji wote. Aidha, nyuma ya mlango wa maabara limefungiwa jitu lililotokana na majaribio yaliyoharibika. Kwa muda mrefu mtazamaji husikia tu vishindo vyake. Taharuki hii inafanana na ya zimwi katika ngano: fanani hahitaji kulichora, kwani hadhira hulichora yenyewe. Jitu hilo liliigizwa na Eddie Carmel, mtu mrefu kupindukia ambaye baadaye, mwaka wa 1970, alipigwa picha mashuhuri na Diane Arbus.

Utamu wa pili umo katika kasoro. Mwishoni, maandishi yanaitaja filamu kwa jina jingine, The Head That Wouldn't Die, kana kwamba watengenezaji wenyewe hawakuafikiana kuhusu kilichokataa kufa. Kucheka hapo si dhambi.

Hata hivyo, kicheko kisimzibe mtazamaji masikio. Jan anaomba aachwe afe. Bill anadai kwamba anayoyatenda anayatenda kwa mapenzi, lakini ombi hilo halisikilizi. Jan ana kinywa. Daktari ndiye mwenye mikono. Wanawake wengine nao wanakaguliwa kama bidhaa sokoni, na Doris, mwenye kovu usoni, anavutwa kwa ahadi ya kutibiwa. Kinaya ni dhahiri shahiri: kichwa kisicho na mwili ndicho chenye utu, ilhali mwenye viungo vyote ndiye aliyepotewa na utu wake.

Katika Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley ya mwaka wa 1818, mwanasayansi anakikimbia kiumbe alichokiumba. Kosa la Bill ni kinyume chake: anashindwa kuachilia. Swali hilo lingali hai katika kila wodi ambamo mashine zinaweza kuendeleza pumzi ya mgonjwa: nani mwenye haki ya kusema basi?

Hatimaye Jan analichochea jitu, mlango unavunjika, Bill anauawa na maabara inateketea kwa moto. Jitu linamwokoa Doris na kumtoa nje. Katika filamu iliyojaa madaktari, anayeokoa maisha bila kudai malipo ni yule waliyemfungia kabatini.