Ukumbi Mmoja, Wapangaji Watatu: Panga Taa Kabla ya Lipu

Fedha za alizeti na vitunguu mkoani Singida haziishii sokoni. Sehemu yake huingia katika nyumba za wageni na kumbi za sherehe, kwani baada ya mavuno harusi, ubarikio na sherehe za kumuaga binti hufuatana.

Tatizo ni siku za kazi. Ukumbi wa watu 400 hupata mteja Jumamosi, lakini ofisi yenye semina ya watu 60 siku ya Jumanne haitalipia nafasi yote. Kituo cha AICC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina kumbi za ukubwa mbalimbali. Mfanyabiashara mwenye kiwanja kimoja Singida mjini, Manyoni au Kiomboi hana uwezo huo. Njia iliyo karibu naye ni kuta za kukunja, ili siku moja iuzwe mara mbili au tatu.

Wengi hununua kuta wakasahau taa. Swichi zote zikiwa mlango mmoja, wa semina akizima taa apate kuonyesha picha, wa kikao cha ushirika upande wa pili naye yumo gizani. Mteja huyo harudi.

Dawa yake ni taa zinazoongozwa kwa mtandao. Mfumo unaotumika sana ni DALI, wenye kiwango cha kimataifa IEC 62386. Kila taa hupewa anwani yake, na waya mbili tu za mawasiliano huziunganisha zote. Taa hugawanywa katika makundi kwa programu, si kwa kubomoa ukuta kutafuta waya. Kihisio kidogo kwenye ukuta wa kukunja hutoa taarifa: ukifungwa, kila chumba hutii swichi yake, ukifunguliwa, swichi moja huongoza ukumbi wote.

Mwekezaji aanze na hesabu. Vyumba vitatu vyenye kuta mbili za kukunja vina mipangilio minne: vyote wazi, viwili vya kushoto pamoja, viwili vya kulia pamoja, au kila kimoja peke yake. Andika katika karatasi swichi ipi itaongoza taa zipi katika kila mpangilio, na karatasi hiyo ndiyo umpe fundi akupe bei.

Pili, laini moja ya DALI hubeba taa 64 na urefu wake usizidi mita 300. Vyumba vitatu vya taa 20 vinafika 60, na nafasi zinazobaki ni nne tu. Ni salama zaidi kila chumba kiwe na laini yake, na kidhibiti kimoja kiziunganishe. Gharama ya mwanzo hupanda, lakini hitilafu ya laini moja haitavuruga wapangaji wote watatu.

Tatu, fikiria umeme kukatika. Ulizia taa zitawaka kwa kiwango gani umeme ukirudi au jenereta ikishika. Kwa kawaida ya DALI huwaka kwa mwanga wote. Fundi anaweza kuibadili. Taa za dharura na za njia ya kutokea zijitegemee katika kila chumba, hata kuta zikiwa zimefungwa.

Mwenye ukumbi uliokwisha kujengwa anaweza kutumia vifaa visivyo na waya za mawasiliano, akaepuka kuchimba kuta. Hata hivyo, taa hazizuii kelele. Muziki wa harusi hupenya ukuta mwembamba, kwa hiyo usiweke semina na sherehe saa moja.

Kabla ya kutia sahihi, hakikisha fundi ana leseni ya EWURA ya kufunga umeme. Malipo ya mwisho yabaki mkononi hadi mipangilio yote minne ijaribiwe mbele yako, nawe ukabidhiwe michoro, nakala ya programu na nywila zake. Dar es Salaam iko karibu kilomita 700. Nunua mapema vipuri vichache vya akiba. Asiyekuwa na nywila atamlipia fundi nauli kila anapotaka kubadili swichi moja.

Kama fedha hazitoshi msimu huu, laza mabomba ya waya za laini zote tatu kabla ya lipu, na vifaa vingine vinunuliwe baada ya mavuno yajayo.