Mafua Yamepona, Homa Imerudi

Hosteli zetu tunazijua. Chumba cha watu wanne, kwa kubebana, kinalala saba au wanane, na akikohoa mmoja wiki hii, wiki ijayo chumba kizima ni kwaya. Wengi wanapona wenyewe. Lakini kuna yule mmoja ambaye mafua yale yale yanamfikisha wodini na nimonia. Kwa nini yeye?

Mara nyingi ni kwa sababu anaugua vitu viwili kwa pamoja: virusi vilitangulia, bakteria wakafuata.

Ndani ya njia ya hewa kuna ute, na chini yake vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma uchafu na vijidudu kurudi juu kooni, usiku na mchana. Virusi vya influenza vinaua seli zenye vinyweleo hivyo, yaani mfagiaji ameondolewa kazini. Hapo bakteria kama nimokoki, ambaye anaweza kukaa puani mwa mtu mzima wa afya bila shida yoyote, anateremka hadi mapafuni. Anakuta mlango wazi: kimeng'enya cha virusi kimekwisha kata sukari zilizofunika seli, kwa hiyo anapata pa kung'ang'ania. Na zile chembe za kinga ambazo kazi yake ni kumeza bakteria zimepunguzwa makali na mwili wenyewe, ulipokuwa unapigana na virusi. Ndiyo maana hapa moja na moja haileti mbili.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Morens, Taubenberger na Fauci, walieleza walichokiona katika vipande vya mapafu ya watu 58 waliokufa kwa influenza ya 1918 na 1919. Karibu vyote vilikuwa na alama za nimonia ya bakteria. Enzi hizo penisilini haikuwepo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Soweto. Huko zaidi ya watoto 37,000 waliingia katika jaribio la chanjo dhidi ya nimokoki, na mwaka 2004 Madhi na Klugman walionyesha kwamba chanjo hiyo ilipunguza kwa asilimia 31 hata nimonia zilizokutwa na virusi. Chanjo ya bakteria, jamani! Maana yake nyingi ya nimonia "za virusi" zilikuwa na mshirika wa pili.

Basi tuanze amoksilini siku ya kwanza ya mafua? Hapana. Haigusi virusi, na bakteria watakaosalia puani ni wale sugu.

Cha kuhesabu ni siku. Mwenzako ameugua, siku ya tano au ya saba amepata nafuu, amerudi darasani, halafu homa inapanda upya. Anahema haraka, kifua kinamchoma akivuta pumzi, makohozi yana rangi ya kutu. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, hata kama kesho kuna testi.