Programu-Jalizi Mpya, Hifadhidata Kuukuu
Hapa Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa, niliongeza programu-jalizi ya WordPress katika tovuti yetu ya bei za mpunga, nayo, badala ya kutengeneza jedwali la magunia yaliyouzwa, ikaniletea kosa namba 1064, ambalo kwa hifadhidata ya MySQL maana yake ni kwamba amri iliyopelekwa haifahamiki. Nilikesha nikiilaumu programu bure. Ilitaka safu ya aina ya JSON, iliyoingia MySQL katika toleo la 5.7 mwaka 2015, ilhali seva tuliyokodi ilikuwa na 5.6, toleo ambalo Oracle, kampuni yenye MySQL, iliacha kulihudumia Februari 2021. Katika seva ya kuchangia kama hiyo, wapangaji wengi huteka kisima kimoja: kila mmoja ana idhini ya kupamba chumba chake, bali kisima ni cha mwenye nyumba, naye huchelea kukigusa asije akaharibu tovuti kongwe za wengine. Hofu hiyo naifahamu, wala siikubali, kwani toleo lisilohudumiwa halizibwi nyufa za usalama. Kabla ya kusakinisha, fungua ukurasa wa Afya ya Tovuti ndani ya WordPress, soma toleo la hifadhidata, uchukue na nakala ya data yote; likiwa la kale, mdai mwenye seva akuhamishie kwenye toleo la MySQL ambalo bado linahudumiwa.