Kilainisha Maji cha Ukubwa Gani Kinaifaa Nyumba Yako?

Maji ya visima virefu katika maeneo mengi nchini, Dodoma ikiwamo, huwa magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Sabuni haitoi povu upesi, na birika na hita hujenga ukoko mweupe. Kilainisha maji huondoa madini hayo kwa kuyapitisha maji katika chembechembe za resini, ambazo baada ya siku kadhaa huoshwa kwa maji ya chumvi ili zirejeshewe nguvu.

Kifaa kidogo mno huoshwa mara kwa mara, kikala chumvi na kupoteza maji. Kikubwa mno humgharimu mnunuzi fedha pasipo faida. Kwa hiyo, ukubwa usikadiriwe kwa idadi ya vyumba, bali kwa hesabu ifuatayo.

1. Pima ugumu wa maji. Peleka sampuli katika maabara ya ubora wa maji. Majibu hutolewa kwa miligramu kwa lita; maji yanayozidi 180 huhesabiwa kuwa magumu sana.

2. Jua matumizi yako. Soma dira ya maji kwa wiki moja. Asiye na dira ahesabu tangi lake hujazwa mara ngapi. Maji ya bustani yasihesabiwe, kwa kuwa hayahitaji kulainishwa.

3. Zidisha. Tuseme kaya ya watu 6 hutumia lita 480 kwa siku, na ugumu ni miligramu 400 kwa lita. Madini ya kuondolewa ni gramu 192 kwa siku, sawa na gramu 1,344 kwa wiki.

4. Linganisha na lebo. Vifaa vingi kutoka nje hupimwa kwa greni, na greni 1 ni takribani miligramu 65. Kifaa cha greni 32,000 huondoa takribani gramu 2,080, lakini hicho ni kiwango cha juu, kinachofikiwa kwa chumvi nyingi. Kwa matumizi ya chumvi yenye uangalifu, tegemea theluthi mbili tu, yaani takribani gramu 1,390. Kinaitosha kaya hiyo kwa wiki moja.

5. Uliza kasi ya maji. Kifaa kipitishe lita za kutosha kwa dakika pale bafu na jiko vinapotumika kwa pamoja.

Zingatia kuwa kilainisha maji hakiondoi chumvi iliyomo katika maji ya kisima, wala hakiui vijidudu. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatibiwe. Aidha, maji yaliyolainishwa huongezeka sodiamu. Mwenye shinikizo la damu aache bomba moja la jikoni lisilopitia kifaa.

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike hesabu yake kwenye ankara pamoja na masharti ya dhamana. Muuzaji anayetaja ukubwa bila kuuliza ugumu wa maji yako anakisia, na gharama ya kukisia huko utailipa wewe.