Jinsi Wanafunzi wa Chuo Kikuu Wachaguavyo Wasemaji Wao

Chuo Kikuu cha Moi, karibu na Eldoret, kilianzishwa mwaka 1984. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83 tu, nao walihamishwa kutoka Idara ya Misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu 83 waweza kukutana katika chumba kimoja, wakashauriana, wakamchagua msemaji wao kwa kuinua mikono. Lakini chuo kikishakuwa na maelfu ya wanafunzi, jambo hilo haliwezekani tena. Hapo huzuka swali: ni nani atakayesema kwa niaba ya wote, na achaguliwe kwa njia gani?

Swali hili lina uzito zaidi kwa kuwa chuo hiki hakiko mahali pamoja. Makao yake makuu yako Kesses, kiasi cha kilometa 35 kutoka Eldoret, na wanafunzi wa udaktari husomea mjini, karibu na hospitali ya rufaa. Haja za mwanafunzi alalaye bwenini Kesses si zile zile za mwenzake aliyepanga chumba mjini.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kura ya wote, ambayo kwayo kila mwanafunzi humpigia kura mwenyekiti amtakaye. Njia hii ilitumika miaka mingi katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya. Wema wake ni kwamba kiongozi hujua ametumwa na wote, nao wote waweza kumwuliza hesabu. Wahenga walisema, “Wengi wape.” Ubaya wake ni kwamba mgombea hana budi kujulikana chuoni kote, na kujulikana kwataka fedha. Tena idara kubwa zaweza kuzimeza zile ndogo.

Njia ya pili ni ya wajumbe. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, likaagiza njia hii. Kwa agizo hilo, wanafunzi walitakiwa kujigawa kwa idara, shule au vitivo vyao, na kila kundi kuchagua wajumbe 3, wasiwe wote wanaume wala wote wanawake. Kisha wajumbe hao ndio waliotakiwa kuchagua baraza la chama: mwenyekiti, makamu wake, ambaye mwenyekiti akiwa mwanamume yeye atakuwa mwanamke, au kinyume chake, katibu mkuu, mweka hazina, na wengine 3 wa kuwakilisha maslahi ya pekee ya wanafunzi. Kiongozi hutumika mwaka mmoja, naye aweza kuchaguliwa tena mara moja tu.

Wema wa njia ya wajumbe ni kwamba hata kitivo kidogo kina sauti. Lakini tutazame hesabu. Tuseme kitivo kimoja kina wanafunzi 3,000, na kingine kina 300. Kila kimoja kikitoa wajumbe 3, mjumbe wa kwanza husimama badala ya watu 1,000, na wa pili badala ya watu 100. Tena wajumbe wakiwa wachache, ni rahisi zaidi kwa mwenye hila kuwashawishi kwa zawadi au kwa ahadi kuliko kuwashawishi maelfu.

Basi kila njia huponya ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Mahali penye kura ya wote, jambo kubwa ni kuizuia fedha isiamue. Mahali penye wajumbe, kura iliyo kubwa ni ile ya kwanza, ipigwayo darasani, ambayo wengi huidharau. Mwanafunzi asiyeshughulika kumjua mjumbe wake ni nani, na atampa nani kura yake, amekwisha kuwaachia wengine kumchagulia mwenyekiti. Atakapopata shida ya karo au ya malazi, mtu wa kumsemea atakuwa ni yule waliyemtaka wengine.